Rundo la Tisa

Kijiti cha kwanza cha kiberiti kilikatika. Pua alikitupa kwenye beseni la vyombo, akachukua cha pili. Alikuwa ametoka kazini alasiri ile na kumkuta mkewe, Fundi, barazani, ameinamia cherehani, sare za watu zimemrundikia miguuni. Akaona asimsumbue. Chai atabandika mwenyewe.

“Nani yuko jikoni?” mama yake akauliza kutoka chumbani.

“Ni mimi, Mama. Nabandika chai.”

“Usiwashe kitu. Weka hicho kiberiti chini, utoke nje.”

Pua hakuwahi kumsikia mama yake akiongea kwa sauti ile, ya chini na ya haraka. Aliweka kiberiti mezani, lakini hakutoka. Alibaki amesimama, anashangaa. Bibi, kama nyumba nzima ilivyomwita, alikuja akipapasa ukuta, kwa kuwa macho yake siku hizi yaliona mwanga na vivuli tu. Akanyoosha mkono moja kwa moja hadi kwenye mtungi wa gesi, akafunga koki, akasukuma dirisha, kisha akafungua mlango wa uani. Fundi naye alikuja kuuliza kuna nini, na alipofika mlangoni alirudi nyuma ameziba uso kwa kiganja.

“Jamani, mmekaaje humu ndani?”

“Nina mafua,” Pua alisema.

Hakuwa na mafua. Hakupiga chafya wala kupenga kamasi wiki nzima, na watu wote watatu walilijua hilo. Bibi ndiye aliyemstiri.

“Ana mafua,” alisema. “Nitamchemshia kitu. Wewe rudi kwenye nguo zako, mwanangu.”

Ulikuwa wema wa kwanza wa siku ile, na haukudumu hata nusu saa.


Walikaa wawili uani, kwenye benchi lililo karibu na kisima, wakisubiri jikoni paingie hewa. Mawingu yalikuwa yamesimama juu ya mabati kama juzi na jana, na ardhi ilikuwa bado na unyevu wa mvua ya usiku.

“Tangu lini?” Bibi aliuliza.

“Mama, mafua ni kitu cha kawaida.”

“Mimi ndiye niliyekupenga kamasi tangu hujajua kutembea. Tangu lini?”

Pua aliangalia viganja vyake. “Miezi minne.”

Jina la Pua hakuzaliwa nalo, alipewa kazini. Mwisho wa mtaa, pale barabara inapoanza kuteremka, palikuwa na kituo cha mafuta kilichofungwa miaka mingi. Matangi yake ya chini ya ardhi yalikuwa yameoza kwa kutu, na petroli ikawa inavuja taratibu bila mtu kujua. Sasa kampuni ilikuwa inachimbua udongo ule kabla mafuta hayajafika kwenye maji yaliyo chini kabisa, yale yale ambayo mtaa mzima uliyavuta kwa kamba na ndoo. Udongo ulitandazwa juu ya nailoni nene, marundo kwa marundo, kila rundo na namba yake. Wakauchanganya na samadi, wakaumwagia maji kidogo, wakaupindua kila wiki ili upate jua na hewa, na vijidudu visivyoonekana kwa macho viyale yale mafuta. Rundo likipona, linarudishwa shimoni.

Kujua kama limepona kulikuwa na kipimo, kifaa cha ukubwa wa tofali kinachovuta hewa kwa mdomo wake. Kiliharibika, kikapelekwa kutengenezwa, hakikurudi. Maabara nayo ilichukua wiki tatu kujibu, na shimo lilikuwa linajaa mvua. Ndipo msimamizi alipogundua kwamba kati ya wachimbaji wake yumo mmoja mwenye pua ya ajabu.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Konzi ya udongo inatiwa kwenye chupa ya kioo, inafunikwa, inawekwa juani nusu saa. Kisha Pua anakwenda nayo kwenye kibanda cha mlinzi, upande upepo unakotokea, anaifungua chini ya pua yake. Siku za chupa hakula kitunguu wala hakuoga kwa sabuni ya manukato. Kati ya chupa na chupa alinusa mkunjo wa kiwiko chake mwenyewe, ili pua ipumzike. Wenzake waliokuwa wanavuta sigara walitoka nje ya uzio bila kuambiwa. Miezi ya mwanzo majibu ya maabara yalipokuja, mara zote pua ilikuwa imesema kweli, hata msimamizi akaacha kupeleka udongo maabara. Rundo aliloliidhinisha lilifungwa kitambaa cheupe kwenye kijiti chake cha namba, naye akaweka sahihi daftarini. Mtu ambaye hakuwahi kukabidhiwa kitu kikubwa zaidi ya sepetu akawa anasubiriwa na magari.

“Siku moja nilifungua chupa nikaona kama nanusa maji,” alimwambia mama yake. “Nikasema ni uchovu. Nikarudi nyumbani nikanusa sabuni, hamna. Kitunguu, hamna. Nikasema nitasubiri, itarudi.”

“Na kazini umekuwa ukifanyaje?”

“Naangalia sisimizi.”

“Unaangalia nini?”

“Namwaga kidogo nyuma ya kibanda. Sisimizi wakikatiza juu yake, nasema umepona. Wakizunguka, nasema bado. Na namwangalia mlinzi usoni ninapofungua chupa. Akikunja uso, najua.”

“Yule mlinzi uso wake umekunjika tangu nimjue.”

Wote wawili wakacheka kidogo. Halafu Bibi akaacha. Aliinama, akachokoa udongo uliokuwa chini ya benchi, akauleta puani.

Udongo ule Pua aliuleta mwenyewe. Mahali pale palikuwa pameingia chini, maji yakituama, na wachotaji waliteleza. Mwezi uliopita Mama Mapacha wa nyumba ya tatu alianguka pale na mtoto mmoja mgongoni. Mtoto hakuumia, lakini Pua hakulala vizuri. Kesho yake akamwomba dereva wa kampuni amletee udongo uliopona, nusu gari, na Jumapili nzima alikuwa akiusambaza na kuushindilia kuzunguka kisima. Majirani wakamshukuru. Mama Mapacha alimletea sahani ya ndizi.

“Huu ni wa rundo lipi?” Bibi aliuliza.

“La tisa.”

“Nani alilinusa?”

Pua alitazama kisima.

“Mimi hapa nimesikia harufu ya petroli wiki ya tatu hii,” Bibi alisema polepole. “Nikajua ni ovaroli yako. Nikamwambia mkeo airudie kuifua.”

“Nimeifua mara tatu,” Fundi alisema nyuma yao.

Walikuwa hawajamwona. Alisimama kwenye kizingiti, kipande cha kitambaa mkononi, pini mdomoni. Akawa anazitoa pini zile moja moja na kuzichomeka kwenye kola yake, kama mtu asiyetaka kufika mwisho wa kazi hiyo. Ndiyo bahati mbaya ya nyumba ya mchimba udongo wa mafuta. Harufu ilikuwa mgeni wao wa kila siku, inaingia na viatu, inakaa kwenye pazia, inalala kwenye mto. Siku ilipotokea kwingine hakuna aliyeishuku.

“Mama Mapacha kachota ndoo mbili asubuhi,” Fundi alisema.

Alitumbukiza ndoo, akaivuta. Akainusa, akampa Bibi. Bibi akainusa mara moja tu, akairudisha. Fundi akaiweka chini mbele ya mumewe, akasema kwa upole, “Basi angalia, kama huwezi kunusa.” Mawingu yaliachia mwanga kidogo, na juu ya maji kulikuwa na ngozi nyembamba ya rangi rangi, zambarau na kijani, inayojikunja na kujikunjua.

“Marundo mengine mangapi?” Bibi aliuliza.

“Kesho nitaongea na msimamizi,” Pua alisema.


Fundi alikwenda kwa Mama Mapacha kabla ya magharibi, akipiga hatua za haraka ili asipate nafasi ya kurudi. Alimkuta sebuleni, watoto wawili mkekani, chupa mbili za uji wa maziwa zimesimama juu ya stuli zikipoa.

“Karibu, Fundi. Sare ya mume wangu imekuwa tayari?”

“Bado kola. Nimekuja kwa jambo jingine. Dada, maji ya kwetu usiyatumie.”

“Yamekauka?”

“Yameingia mafuta.”

Mama Mapacha alimtazama kana kwamba anasubiri sehemu iliyobaki. Kisha akasema, “Kumbe siyo ndoo.”

“Ndoo gani?”

“Nilidhani ni ndoo. Ladha ile nilidhani ni plastiki. Nikaisugua kwa mchanga, bado. Nikamwambia mume wangu tununue nyingine, akanigombeza, ananiambia nimeanza kuchagua. Tukanunua.” Ndoo mpya ilikuwa mlangoni, nyekundu, karatasi ya bei haijabanduka. “Nikayachemsha vizuri sana. Nilijua nikiyachemsha yanakuwa salama.”

“Mafuta hayaondoki kwa kuchemsha.”

“Huyu mdogo wiki hii anatapika. Wakubwa wakaniambia ni meno.”

Mama Mapacha alichukua chupa ya kwanza, akaimimina kwenye beseni, kisha ya pili. Hakuwa na haraka. Watoto walizifuata chupa kwa macho, na mmoja akaanza kulia.

“Mlijua lini?”

“Leo. Saa hii.”

“Na mumeo?”

“Naye leo. Lakini alijua hanusi.”

Mama Mapacha alimbeba anayelia, akamweka begani. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa namna hiyo, akasogeza stuli kwa mguu.

“Kaa kwanza. Umekuja mbio, unahema.”

Fundi alikaa. Angekuwa ametukanwa, angejua la kufanya.


Asubuhi Pua alimkuta msimamizi kwenye meza yake ya mbao, chini ya turubai, anakunywa chai. Alimweleza yote amesimama. Alipofika kwenye sisimizi, wachimbaji wawili waliokuwa wanachukua glavu walicheka.

“Unanitania,” msimamizi alisema.

“Sikutanii, Mkuu.”

Msimamizi aliondoka, akarudi na chupa mbili. “Funga macho. Ipi imetoka kwenye samadi safi na ipi nimetia petroli?”

Pua alifumba macho. Alivuta hewa hadi kifua kikauma. Chupa ya kwanza ilikuwa baridi ya kioo tu. Ya pili ilikuwa baridi ya kioo tu. Alisikia watu wakisogea kumzunguka, viatu vingi kwenye kokoto.

“Ya kulia ni petroli,” alisema.

“Ya kushoto,” msimamizi alisema. Safari hii hakuna aliyecheka. Alipofumbua macho, mchimbaji mmoja alikuwa ameitazama ardhi, na mwingine alikuwa anajinusa kiganja, kisha mkono wa shati, kisha kiganja tena, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Msimamizi aliwafukuza wote wakafanye kazi. Akafungua daftari, akageuza kurasa. “Miezi minne. Rundo la nne, la tano, la saba, la tisa, la kumi, la kumi na mbili. Sita. Nusu gari la tisa umepeleka kwako, mengine yote yako shimoni, yameshindiliwa. Na sahihi?”

“Ni zangu.”

“Zote sita. Mimi sikuweka hata moja.”

“Yafukuliwe, Mkuu. Mvua inanyesha juu yake. Inayashusha.”

“Nani atafukua? Kwa maneno gani nitaomba mashine, kwamba nilikuwa napimiwa na sisimizi?” Msimamizi aliongea taratibu, karibu kwa huruma. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. “Kipimo kinarudi wiki ijayo. Ya mbele tutayapima sawasawa. Ya nyuma yamekwisha. Wewe utarudi kwenye sepetu, mshahara wako uko palepale, mtoto wako anasoma. Kisima chako kifukie, useme kimeingia choo. Tumeelewana?”

Pua hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na msimamizi, aliyezoea kusimamia watu, akalichukua hilo kuwa jibu. Akamtuma nyumbani kwa siku moja akapumzike.

Getini mlinzi alimfungulia, akamshika bega.

“Mimi nilijua,” mlinzi alisema. “Tangu mwezi wa pili. Ulikuwa unapita mlango wa choo changu bila kukunja uso. Hakuna binadamu anayeweza.”

“Mbona hukusema?”

“Una mtoto, ndugu yangu.” Mlinzi alikohoa, akafuta mdomo. “Nikawa nakukunjia uso kila ukifungua chupa. Nikijitahidi kukusaidia. Lakini na mimi pua yangu, nikisema kweli, hapa imeshalewa kitambo.”


Kufikia mchana uani palikuwa na watu saba wenye majembe na masepetu. Hakuna aliyewaita. Walianza kuja mmoja mmoja baada ya Mama Mapacha kupita na beseni la kubebea udongo kichwani, watoto wamebaki na dada yake. Pua aliwaeleza kuhusu rundo la tisa, na kwamba alikuwa amepoteza uwezo wa kunusa. Marundo mengine hakuyataja. Walikwangua udongo kuzunguka kisima hadi kwenye ardhi ngumu ya zamani, wakaumwaga juu ya nailoni, wakaufunika, wakaweka mawe pembeni. Mzee mmoja alimtania kwamba sasa ataweza kuishi na mke yeyote, hata akiunguza. Pua alitabasamu kwa kuwa mzee alikusudia wema.

Ilipofahamika kwamba Bibi ndiye aliyegundua, walianza kumletea maji ya kwao. Alikaa kwenye kiti jikoni, meza mbele yake, na juu ya meza chupa, mitungi ya jamu, kikombe cha chai, hata kopo la rangi lililooshwa. Fundi alikuwa anamkabidhi kimoja kimoja. Bibi alinusa, akasubiri, akanusa mkunjo wa kiwiko chake kama mwanawe alivyowahi kumweleza, akanusa tena.

“Haya ni ya nani?”

“Ya nyumba ya kona, Bibi.”

“Mazuri. Msafishe mtungi tu, una ukungu. Mengine.”

Maji ya kona yalikuwa mazuri. Ya fundi baiskeli mazuri. Ya nyumba ya pili, jirani kabisa, yalikuwa na harufu kidogo, na Bibi alimshika mkono mwenye nyumba alipomwambia, hakuuachia hadi yule mama alipoketi. Kila aliposema mazuri, Pua, aliyeegemea mlango, alishusha pumzi. Alianza kuwaza kwamba labda msimamizi alisema kweli. Labda shimo lile lilikuwa limefunika siri yake, na udongo ulioshindiliwa ungekaa kimya. Angerudi kesho kwenye sepetu. Angechimba kuliko wote.

Kiroboto, binti yao wa miaka minane aliyeitwa hivyo kwa kutotulia, aliingia akirukaruka, begi la shule mgongoni. Wanafunzi wa asubuhi walikuwa wametoka. Aliona mstari wa chupa, akataka kuwemo. Akachomoa chupa yake ya shule, iliyobaki nusu, akaipanga mwisho.

“Na yangu, Bibi.”

“Na yako, mjukuu wangu. Lete.”

Bibi aliifungua huku anatabasamu. Akaipeleka puani. Tabasamu lilibaki mdomoni kidogo, kama kitu kilichosahauliwa, kisha likaondoka. Alinusa kiwiko. Alinusa chupa. Watu walikuwa wanazungumza, hakuna aliyeangalia isipokuwa mtu mmoja.

“Haya umechota wapi?”

“Shuleni, bombani. Yanavutwa na pampu kutoka kisima kirefu. Tunajaza pale kila mapumziko.”

Shule ilikuwa bondeni, mwisho wa mteremko, chini ya kituo cha mafuta.

Bibi alirudisha kifuniko, akakikaza, akazidi kukikaza, hadi vidole vikawa vyeupe. Huenda alikuwa anatafuta namna ya kusema mbele ya mtoto. Lakini Pua alikuwa amekaa miezi minne akisoma nyuso za watu ili apate mkate wake, na uso huu hakuhitaji kuusoma mara mbili. Aliinama, akaanza kuvaa viatu.

“Unakwenda wapi?” Fundi aliuliza.

“Shuleni.”

Fundi alimtazama yeye, akaitazama chupa mkononi mwa Bibi. “Kwani kuna marundo mengine?”

Mama Mapacha, beseni bado mkononi, aligeuka mlangoni.

“Yote ni sita,” Pua alisema, mbele yao wote. “Na msimamizi anajua.”

Hakuna aliyempisha, wala hakuna aliyemzuia. Alipenya katikati yao akatoka, kamba za viatu hazijafungwa, Fundi nyuma yake. Walikuwa wamefika barabarani, pale inapoanza kuteremka, kengele ya shule ilipogongwa huko bondeni. Ilikuwa ya wanafunzi wa mchana, mapumziko ya kwanza. Kutoka juu waliweza kuwaona wakimwagika madarasani na mashati yao meupe, wakisukumana, wakipanga mstari.

Pua akaanza kukimbia.